Konokono, dagaa au mashudu: umlishe nini samaki wako wa bwawani hapa Kigoma

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na sisi tunaofuga samaki bonde la Luiche tukajikuta hatuna vumbi la dagaa, yaani vichwa na vipande vilivyovunjika tunavyowalishia samaki. Nilikuwa na mabwawa mawili, moja la perege na moja la kambale, na gunia langu la mwisho liliisha Juni haijafika katikati. Mtoto wa kaka yangu, ambaye ndiye aliyekuwa akinilishia samaki, akaja asubuhi moja na ndoo imejaa konokono aliowaokota kwenye majaruba ya mpunga.

"Shikamoo baba mdogo. Hawa wamejaa tele kule na hawana mwenyewe. Si chakula cha bure hiki?"

Swali lake ni zuri, na tangu siku hiyo nimeulizwa na wengi, hasa wenye bwawa la kwanza na mfuko mtupu. Nimeshalisha konokono wabichi, nimelisha wa kuchemsha, na niliwahi hata kuwaacha hai bwawani nikitumaini watazaana wawe akiba. Hapa nawalinganisha na vyakula vingine tunavyovipata Kigoma, ili anayechagua ajue kila kimoja kinamgharimu nini. Kwa mwenye haraka: kambale anakula konokono na anafaidika, perege hana habari naye. Konokono aliyechemshwa anafaa kwa nyongeza. Aliye hai asiingie bwawani kabisa. Na kabla hujamtuma mtoto majini kuokota, isome sehemu ya kichocho mpaka mwisho.

Kambale na perege hawali sawa

Tunasema "samaki" kana kwamba ni mnyama mmoja. Perege anakula vitu vyepesi: mwani, ule uteute unaoota juu ya mawe na mabua, vijidudu vinavyoelea kwenye maji ya kijani, na mabaki laini yanayotua chini. Meno yake ya kooni ni madogo madogo kama msasa, ya kusagia mwani. Ukimrushia konokono mzima atamgusa kwa mdomo, atamtema, ataondoka zake. Tena konokono ni mshindani wake, maana uteute ule ambao perege angeula asubuhi, konokono ameshaukwangua usiku kucha.

Kambale ni mwingine kabisa. Mdomo wake mpana, anameza anachokikuta: mdudu, chura mdogo, kifaranga wa samaki mwenzake, na konokono pia. Septemba ya mwaka ule nilimpasua kambale wa kilo moja na nusu pale ukingoni. Tumboni nilikuta vipande vya magamba membamba, vingine vimelainika na kuvunjika kama ganda la yai, na vitatu bado vizima, ukivigeuza unaona nyama imeshayeyuka ndani imebaki ute tu. Sikukuta hata mmoja wa wale konokono warefu wenye ncha kama msumari na gamba gumu, ingawa wamejaa kwenye bwawa hilo hilo. Kwa hiyo hata kambale anachagua. Wadogo wenye gamba laini anawapata, wakubwa na wagumu anawaacha.

Kamongo, ambaye mabwawa ya asili ya Malagarasi yanamjua vizuri, ndiye fundi hasa wa kuvunja konokono, kwa kuwa meno yake yameungana yakawa mabamba ya kusagia. Ila simshauri anayeanza kufuga achimbe bwawa kwa ajili ya kamongo.

Yuko pia samaki mdogo aitwaye furu, mmoja wa Ziwa Victoria, kwa jina la kitaalamu Astatoreochromis alluaudi, ambaye koo lake limeumbwa kwa kuponda konokono. Alipelekwa kwenye mabwawa ya nchi kadhaa za Afrika, Kenya na Kameruni zikiwemo, kwa matumaini kwamba atawamaliza konokono wa kichocho. Matokeo hayakuwa ya kutegemewa. Ilionekana kwamba furu huyu akikulia kwenye chakula laini, taya zake za kooni zinakuwa nyembamba na nguvu ya kuponda inapungua. Nami ndivyo ninavyoona kwangu, hata kwa kambale: akishazoea pumba na dagaa asubuhi na jioni, hasumbuki tena na gamba la mtu.

Ukifuga perege peke yake, basi, konokono mzima mtoe kwenye hesabu. Kilichobaki kumfikiria ni nyama yake iliyotolewa, ikakaushwa na kusagwa pamoja na vingine, na hapo perege anaila bila shida kwa kuwa kwake imekuwa unga kama unga mwingine.

Hesabu ya nyama

Ndoo ikijaa konokono inaonekana ni chakula kingi. Mimi mwenyewe ilinidanganya, mpaka nilipoweka mizani.

Nilichukua kilo moja ya konokono hai, mchanganyiko wa wakubwa na wadogo, nikawachemsha, nikachomoa nyama kwa mwiba. Nyama haikuzidi robo kilo. Zilizobaki zote ni gamba na maji, na gamba ni chokaa tupu. Hiyo robo nayo sehemu yake kubwa ni maji. Ukiianika ikakauka sawasawa unabaki na gramu 50 au 60. Nyama kavu ya konokono ina protini karibu nusu ya uzito wake, wakati mwingine zaidi. Kwa hiyo kilo nzima ya konokono uliyoibeba kutoka jarubani inakupa protini gramu 30 hivi, zikizidi ni kidogo.

Sasa chukua kilo moja ya dagaa waliokauka vizuri, wasio na mchanga. Protini yao ni zaidi ya nusu ya uzito, gramu 550 na kuendelea. Yaani kilo moja ya dagaa inafanya kazi ya konokono karibu kilo 20.

Tuipeleke bwawani. Una kambale 300, kila mmoja amefika gramu 200. Jumla ni kilo 60 za samaki. Ukiwalisha asilimia 3 ya uzito wao kwa siku, unahitaji chakula kilo 1 na gramu 800. Kambale wanaokua wanataka chakula chenye protini kama asilimia 35, kwa hiyo kwa siku moja ni gramu 630 za protini. Nusu ya chakula hicho ikiwa dagaa na nusu pumba ya mahindi, umekaribia kufika. Ukitaka konokono wachukue nafasi ya dagaa wote, unatafuta kilo 20 za konokono leo, kesho kilo 20 nyingine, na keshokutwa vivyo hivyo, na samaki bado wanaongezeka uzito. Hakuna jaruba litakalokuhimili wiki tatu.

Lakini kilo 2 kwa siku, sehemu ya kumi ya mzigo ule, zinapatikana msimu wa mvua bila kuhangaika. Hapo konokono anaokoa kiasi cha kilo 3 za dagaa kwa mwezi. Kwa mwenye bwawa dogo la kitoweo hizo si haba. Kwa mwenye kambale 3,000 wa biashara ni tone baharini, na muda wa kijana anayeokota, anayechemsha na anayetwanga unazidi thamani ya alichopata.

Hai, wabichi, au wa kuchemsha

Ile ndoo ya kwanza niliigawa. Nusu tuliiponda mbichi na kuwapa kambale, nusu niliimwaga hai kwenye bwawa la perege. Ninaeleza yote mawili kwa kuwa yote mawili nilikosea.

Hawa walio hai, nilifikiri watakaa humo wazaane, na samaki wajilie wenyewe. Konokono wengi wa maji baridi wana jinsia mbili katika mwili mmoja, na baadhi, wakiwemo wale wa kichocho, wanaweza kutaga mayai yenye uhai bila kukutana na mwenzao. Mmoja anatosha kuanzisha ukoo. Kufikia Novemba, ukigeuza jani lolote lililozama unakuta vibonge vya ute vyenye mayai, na mawe ya pale maji yanapoingilia yamekuwa meusi kwa konokono. Maji yangu yaliyokuwa ya kijani kizuri yalianza kuwa meupe. Perege walidumaa.

Halafu likaja la vidonge vya manjano. Mteja wangu mmoja wa Ujiji alinirudishia samaki wanne, amewapasua nusu. "Mzee, hawa wana funza." Chini ya ngozi, karibu na mashavu, kulikuwa na vifuko vya manjano, kila kimoja kama punje ya mchele. Ni minyoo bapa ambayo safari yake inapita kwa viumbe watatu: inaanzia kwa konokono, inatoka na kuogelea hadi kwa samaki, na inakomaa kwa ndege anayekula samaki, kama korongo au kulastara, ambaye kinyesi chake kinairudisha majini kwa konokono. Samaki akipikwa akaiva, minyoo hiyo inakufa. Lakini nani atanunua samaki wa namna hiyo? Ndege siwezi kuwafukuza wote bondeni. Konokono ndio niliokuwa nimewaleta mwenyewe kwa ndoo.

Na wale tuliowaponda wabichi: kambale waliwala, hilo ni kweli. Tatizo ni kwamba ukimponda konokono mwenye vimelea vya kichocho, vimelea hivyo vinamwagika kwenye maji yaliyo mikononi mwako. Tulikuwa tunaponda kwa jiwe, mikono mitupu, tumekaa kwenye ukingo miguu ikiwa majini.

Njia inayofaa ni kuchemsha. Ninaieleza jinsi ninavyofanya sasa. Konokono wanaingia kwenye sufuria ya maji yanayochemka wakiwa bado wazima, wanachemka dakika 15. Maji yale ninayamwaga shambani, mbali na bwawa. Wakubwa ninawachomoa kwa mwiba au pini ya nguo. Ukizungusha mkono kidogo kwa kufuata mviringo wa gamba nyama inatoka nzima na mkia wake. Wadogo wenye gamba jembamba ninawatwanga kwenye kinu pamoja na gamba, kisha napitisha kwenye chekeche nitoe vipande vikali. Siku hiyo hiyo nawapa kambale, kidogo kidogo, na ninaacha pale wanapoacha kugombania. Nyama ya konokono ikibaki chini ya bwawa inaoza haraka kuliko pumba, na asubuhi unakuta samaki wanahema juu ya maji. Ukipata wengi kuliko mahitaji ya siku, anika kwenye bati mpaka nyama ivunjike ukiikunja, ndipo usage.

Magamba usiyatupe. Yatwange uwape kuku wanaotaga, yanasaidia ganda la yai kuwa gumu.

Kichocho, na nani anaingia majini

Hapa ndipo ninapoomba usiruke mstari.

Kichocho hakipatikani kwa kula samaki, wala kwa kula konokono aliyeiva. Kinaingia kupitia ngozi. Mtu mwenye ugonjwa anajisaidia majini au karibu na maji, mayai yanaanguliwa, vijidudu vinamwingia konokono wa aina fulani, vinakaa ndani yake wiki nne hadi sita vikiongezeka, kisha vinatoka kwa wingi kutafuta mtu. Vinatoka kunapokuwa na mwanga, zaidi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, na vikigusa ngozi iliyolowa vinapenya kwa dakika chache. Saa hizo ndizo watoto wanazookota konokono.

Huku kwetu jambo hili si la kusimuliwa tu. Kichocho cha tumbo kipo vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, na hata nyani wa Gombe wamewahi kukutwa na vimelea hivyo hivyo vya binadamu. Mtoto wa kaka yangu, yule wa ndoo, alianza kuumwa tumbo mwanzoni mwa mwaka uliofuata, akaja akaona damu kwenye choo. Kituo cha afya walimpima, wakampa dawa ya kichocho, prazikwanteli, kwa kipimo cha uzito wake, akapona. Siwezi kuapa kwamba alikipata kwenye majaruba yale na si ziwani anakoogelea. Lakini ni mimi niliyekuwa nampa shilingi mia tano kwa kila ndoo, na liliniuma.

Kwa hiyo ukiamua kuokota, wafahamu unaowaokota. Mshike konokono ncha yake ikiangalia juu na mdomo wa gamba ukielekea kwako. Mdomo ukiwa upande wako wa kushoto, na hana kifuniko, mhesabu kuwa ni Bulinus, ambaye hubeba kichocho cha mkojo. Akiwa bapa, amejiviringisha kama kamba iliyolazwa mezani, upana wake kama ukucha wa kidole gumba au chini ya hapo, huyo ni Biomphalaria, mbebaji wa kichocho cha tumbo. Wale wenye kifuniko kigumu kinachoziba mlango wanapojificha, wakiwemo wakubwa wa duara wa majarubani na wale warefu kama msumari, hawabebi kichocho cha binadamu. Bahati nzuri wakubwa wa duara ndio wenye nyama. Bahati mbaya wanaishi maji yale yale na wenzao wabaya, na mguu wako ukiwa ndani ya maji hauchagui.

Kwa sababu hiyo siku hizi hakuna anayeingia. Tuna kichujio cha waya kilichofungwa kwenye mti mrefu, tunakwangua ukingoni tukiwa tumesimama pakavu, asubuhi mapema kabla jua halijapanda, na anayefanya hivyo amevaa gambuti na glovu za mpira. Hatumtumi mtoto. Kama huna gambuti na huna nia ya kununua, mlinganisho wako umeishia hapa: chukua dagaa au mashudu, ni rahisi kuliko matibabu.

Na jambo la choo. Bwawa lililo mbali na mtaro wa maji machafu, ambalo hakuna anayejisaidia kandokando yake, konokono wake hawana pa kupata kichocho cha binadamu. Samadi ya mbuzi au ng'ombe haileti kichocho chetu. Jenga choo kwanza, kabla ya kuchimba bwawa la pili.

Dawa za kuua konokono usiziguse kama bwawani kuna samaki. Niklosamidi, ambayo hutumiwa na wataalamu wa afya dhidi ya konokono, inaua na samaki pia.

Dagaa wa mwaloni

Kwa protini hakuna kinachomfikia kwa hapa kwetu. Samaki wote wawili wanampenda, hahitaji kuchemshwa, unamhifadhi gunia miezi. Ubaya wake ni bei, na kwamba unagombania chakula cha binadamu. Dagaa wa Kigoma waliokauka safi ni chakula cha mezani. Kumpa samaki ni kama kumnywesha ng'ombe maziwa.

Ndiyo maana tunanunua vumbi: vichwa, vilivyovunjika, waliodondoka chini ya vichanja. Pale mwaloni, wanakoshushia samaki, Kibirizi au Katonga, ukienda asubuhi unaona tofauti mwenyewe. Waliokauka juu ya kichanja wanang'aa fedha na ukiwakamata mkononi ni wepesi. Waliokauka chini ni wazito, kwa sababu umebeba mchanga. Chukua kiganja kimoja, tia kwenye glasi ya maji, koroga, subiri. Mchanga unatua chini wa kwanza. Nimewahi kununua gunia ambalo karibu theluthi ilikuwa mchanga, na hesabu yangu yote ya protini ikawa uongo. Vumbi lenye harufu ya uvundo au ukungu wa kijani liache hata kama ni la kupewa.

Na kipo kipindi cha kufunga ziwa, ambacho kimetufundisha kununua mapema na kuweka. Mwezi wa Aprili ndio wa kujaza stoo.

Mashudu, pumba na funza

Kigoma ni nchi ya michikichi, kwa hiyo mashudu ya mise, yaani makapi ya kokwa za mchikichi zilizokamuliwa mafuta, yanapatikana karibu na kila wanapokamua. Ni ya bei nafuu, lakini protini yake ni ndogo, asilimia 14 hadi 18, na nyuzinyuzi ni nyingi. Kwa perege yanafaa kama sehemu ya mchanganyiko. Kambale hayamfikishi popote peke yake. Mashudu ya alizeti ni bora zaidi, asilimia 25 hadi 35 kutegemea yamekamuliwa vipi na maganda ni mengi kiasi gani. Pumba ya mahindi ni kama asilimia 10, kazi yake ni kutia nguvu na kujaza.

Mchanganyiko wangu wa perege kwa kilo 10: vumbi la dagaa kilo 2, mashudu ya alizeti kilo 4, pumba kilo 4. Unapata protini kama asilimia 27, ambayo kwa perege wa kwenye maji ya kijani inatosha kabisa. Ukiongezea samadi iliyooza kwenye kona ya bwawa ili mwani uote, perege anajilisha sehemu kubwa mwenyewe. Konokono hana alichoongeza hapo.

Funza wa nzi chuma, yule mweusi mwembamba ambaye hana tabia ya kutua kwenye chakula cha watu, ndiye mshindani wa kweli wa konokono. Wakikaushwa wana protini kama asilimia 40, na mafuta mengi. Unawazalisha nyumbani kwa maganda ya ndizi, mabaki ya jikoni, machicha. Hakuna kuingia majini, hakuna kichocho, hakuna msimu. Kinachotakiwa ni uangalifu wa kila siku, kivuli, na uvumilivu wa mwezi wa kwanza ambapo unajiona unafuga uozo tu. Kwa kazi ile ile ambayo kijana angeifanya kuokota konokono na kuwachemsha, ningemweka kwenye funza bila kufikiri mara mbili. Ningelijua hilo Juni ile, yule mtoto asingeshika ndoo.

Vipi kuhusu bata?

Mama mmoja jirani yangu ana jibu ambalo mimi sikuliwaza. Konokono wa majaruba yake hawaokoti. Anawafungulia bata asubuhi. Bata wanakula konokono, mayai anauza, kinyesi cha bata kinarutubisha bwawa lake la perege, perege wanakula mwani. Konokono amekuwa chakula cha samaki kwa kupitia kwa bata, na hakuna aliyelowa miguu. Ila bata usiwaache kwenye bwawa lenye vifaranga wapya wa samaki, watawadonoa. Yeye anasubiri mpaka perege wafike upana wa kiganja.

Kwa hiyo uchague lipi

Una perege tu: pumba, mashudu ya alizeti, vumbi kidogo la dagaa, na maji ya kijani. Konokono waondoe: kata majani ya ukingoni, weka kichujio pale maji yanapoingilia, na baada ya kuvuna kausha bwawa mpaka udongo upasuke, kisha mwaga chokaa. Wapo wanaojificha kwenye nyufa wakasubiri maji, kwa hiyo usiharakishe kujaza.

Una kambale wachache wa kitoweo, chini ya mia tatu, na jirani kuna majaruba yaliyojaa wale wakubwa wenye kifuniko: konokono wa kuchemsha wanakufaa kama nyongeza, kilo 2 kwa siku, kwa masharti ya gambuti, mti mrefu na asubuhi mapema. Msingi wa chakula ubaki dagaa na pumba.

Una kambale wa biashara: usipoteze muda na konokono. Nunua vumbi la dagaa Aprili, anzisha funza sasa.

Una mabwawa ya mchanganyiko: kambale wachache ndani ya bwawa la perege wanapunguza konokono wadogo na vifaranga wa ziada kwa pamoja. Hakikisha unapowaweka, kambale ni wadogo kuliko perege, la sivyo utavuna kambale peke yao.

Na anayeokota ziwani badala ya majarubani, nina ombi. Konokono wengi wa Ziwa Tanganyika hawapatikani kwingine popote duniani. Yale magamba makubwa matupu ya Neothauma yaliyolala chini kwenye mchanga ni nyumba: kuna samaki wadogo, hawafiki urefu wa kidole, wanaoishi na kuzaa ndani yake, dume na jike na watoto wao. Ukiyabeba kwa gunia umebeba kijiji cha watu. Yaache palepale, uje bondeni uchukue wa majarubani.

Mwaka huu bwawa langu la kambale lina samaki 250. Konokono ninawapa Jumatatu na Alhamisi tu, ndoo ndogo moja, wamechemshwa. Siku nyingine ni dagaa, pumba, na funza ambao mtoto wa kaka yangu anawatunza nyuma ya jiko, chini ya kivuli cha mwembe, miguu mikavu.